Vua viatu mlangoni, usivue imani



Wiki mbili zilizopita, baada ya ibada ya pili hapa Makambako, mama mmoja alinisubiri nje ya kanisa. Ukungu ulikuwa haujaondoka, na yeye alikuwa amejitanda kitenge juu ya sweta. Mkononi alishika bahasha. Ndani yake mlikuwa na barua ya chuo: kijana wake wa kwanza amepata nafasi ya kusoma Bangalore, kusini mwa India.

"Mwalimu," akaniambia, "nimefurahi, lakini pia nimeogopa. Huko nasikia wanaabudu miungu mingi. Mwanangu akienda nyumbani kwa mtu akaambiwa avue viatu, avue? Akipewa chakula, ale? Au nimwambie ajifungie chumbani na Biblia yake mpaka amalize masomo?"

Nilimwomba anipe muda, nikamwahidi kwamba nitamjibu katika safu hii. Najua si yeye peke yake mwenye swali hilo. Kwa miaka mingi Watanzania wamekuwa wakienda kusini mwa India. Wagonjwa wamekwenda Chennai na Vellore, wanafunzi wamekwenda Bangalore na miji mingine. Hata baada ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kuanzishwa mwaka 2015 na upasuaji mwingi kuanza kufanyika hapa hapa nyumbani, bado wapo wanaofunga safari hiyo. Pengine wewe unayesoma sasa una ndugu huko, au unachangisha nauli ya kumpeleka.

Mimi nimekwenda. Niliyojifunza nilijifunza kwa kukosea, na makosa yenyewe nitakusimulia bila kujificha.

Mlangoni

Nilikwenda kumsindikiza mama mdogo, aliyekuwa na uvimbe nyuma ya jicho. Tulikuwa watatu: yeye, binti yake ambaye ni muuguzi, na mimi. Tulipanda basi stendi ya Makambako kwenda Dar es Salaam, kisha ndege, kisha ndege nyingine, hadi Chennai. Kutoka Chennai kwenda Vellore ni kama kilomita 140. Tulifika jioni, tumechoka, joto likitukaba sisi watu wa nyanda za juu tuliozoea kulala na mablanketi mawili.

Tulikuwa tumepangishiwa chumba cha juu katika nyumba ya mama mmoja mjane, jirani na hospitali. Ili ufike kwenye ngazi ulilazimika kupita sebuleni kwake. Mlangoni palikuwa na viatu vimepangwa, na ndani, ukutani, palikuwa na kibanda kidogo chenye picha za miungu yao, maua ya manjano na taa ya mafuta inayowaka.

Binti wa nyumba akatuonyesha viatu vyetu kwa adabu. Mama mdogo akavua ndala zake. Binti yake akavua. Mimi nikasimama. Niliitazama ile taa, nikajiambia: nikivua viatu mbele ya picha hizi, nitakuwa nimeinama mbele ya sanamu. Basi nikapita na viatu vyangu, na begi mgongoni, na vumbi lote la safari, juu ya sakafu iliyokuwa imedekiwa muda mfupi uliopita. Moyoni nilijiona Danieli.

Yule mama mwenye nyumba hakusema neno. Alichukua kitambaa, akainama, akafuta nyayo zangu moja baada ya nyingine mpaka kwenye ngazi.

Tulipofika chumbani mama mdogo akaniambia, "Mwanangu, hivi kwetu, mtu akitoka shambani wakati wa mvua akaingia na matope mpaka jikoni kwangu, nitasema ana imani kubwa?"

Nikamjibu habari za sanamu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Yeye hakukuambia usujudu. Alikuambia usichafue."

Nilikasirika kidogo, maana nilikuwa nimekwenda kumsindikiza yeye, si kufundishwa naye. Lakini nikaanza kuvua viatu, kwa shingo upande.

Sinia la peremende

Siku ya tatu, mama mwenye nyumba alipanda na sinia dogo la shaba. Juu yake palikuwa na peremende za unga na sukari guru, na majivu meupe kwenye kibakuli. Binti yake akatueleza kwa Kiingereza kwamba mama ametoka hekaluni kumwombea mgonjwa, na hiki ni chakula kilichotolewa mbele ya mungu wao. Huko ni desturi njema kumletea jirani chakula hicho.

Nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Nikanyosha mkono kulisukuma sinia, na mkono niliotumia ulikuwa wa kushoto. Wewe unayetoka kwenye mila zetu unajua maana ya mkono wa kushoto. Kule ni hivyo hivyo, pengine zaidi, kwa sababu ni mkono wa chooni. Katika tendo moja nilikataa zawadi na kumtukana aliyeileta.

Mama mdogo akainuka kitandani, jicho moja limefungwa bandeji. Akaunganisha viganja vyake mbele ya kifua, kama alivyowaona wao wakifanya wanaposalimiana. Akamwambia binti amfasirie, nami nayakumbuka maneno yake: "Mwambie mama nashukuru sana kwamba umenikumbuka mbele ya unachokiamini. Sisi tunamwomba Yesu Kristo peke yake, kwa hiyo chakula cha hekaluni hatuli. Lakini kahawa yako nimeisikia harufu tangu juzi, na mpaka leo sijapewa."

Yule mama alicheka. Akashuka na sinia lake, akarudi na vikombe vidogo vya chuma vyenye kahawa ya maziwa iliyotoa povu. Tangu siku hiyo mama mdogo alimwita "amma". Kwa Kitamil neno hilo maana yake ni mama, na kila mwanamke mtu mzima huitwa hivyo, kama sisi tunavyomwita mama hata yule tusiyemjua.

Sasa sikiliza, msomaji wangu. Mama mdogo alisoma mpaka darasa la nne. Lakini alikuwa amefanya sawasawa na alivyoagiza Mtume Paulo. Fungua 1 Wakorintho 10:27-28. Paulo anasema ukialikwa na asiyeamini, kula ulichoandaliwa bila kuuliza-uliza. Ila mtu akikuambia wazi kwamba kitu hiki kimetolewa sadaka kwa miungu, hapo usile. Hasemi usukume sahani, wala hasemi umwaibishe mwenyeji.

Hata Danieli, ambaye mimi nilijilinganisha naye pale mlangoni, hakupiga meza ya mfalme teke. Soma Danieli 1:8-16. Alikwenda kwa msimamizi, akaomba kwa upole, akapendekeza kitu kingine cha kula: mboga na maji. Alikataa chakula lakini hakumpoteza mtu. Mama mdogo aliomba kahawa.

Sisi wa mkoa wa Njombe tusijidai hatujui jambo hili. Ni mara ngapi mzee wa kijijini amekukaribisha kwa kata ya ulanzi, na wewe kwa imani yako hunywi? Mkristo mwenye akili hamwagi ulanzi wa mzee chini. Anapokea salamu, anapiga goti, anasema, "Baba, nashukuru, mimi naomba maji." Mzee anatikisa kichwa, anacheka, anamwita mjukuu alete maji. Anayejua kukataa ulanzi vizuri Ubena atajua kukataa sinia vizuri Vellore.

Milango mitatu, usiku mmoja

Mji ule wa Vellore una historia ambayo kila Mkristo anayesafiri anapaswa kuijua. Hospitali kubwa ya Kikristo iliyopo pale, Christian Medical College, ilianzishwa mwaka 1900 na mwanamke Mmarekani, Ida Scudder. Alizaliwa India mwaka 1870 katika familia ya wamisionari madaktari, lakini yeye mwenyewe hakutaka maisha hayo. Alitaka kurudi Marekani aishi kwa raha.

Alikuwa kijana tu, amekuja kuwatembelea wazazi wake, pale usiku mmoja walipobisha hodi wanaume watatu kwa nyakati tofauti. Mmoja alikuwa Mbrahmani, mmoja Mwislamu, na mwingine Mhindu wa tabaka la juu. Kila mmoja alikuwa na mke aliyeshindwa kujifungua, na kila mmoja alimwomba Ida aende. Ida akawaambia kwamba daktari ni baba yake, yeye hajui kitu. Wote watatu wakakataa: kwa desturi yao mwanamume wa nje hawezi kumgusa mke wa mtu. Asubuhi wanawake wote watatu walikuwa wamekufa.

Ingekuwa rahisi kwa Ida kuilaani desturi ile na kupanda meli. Angeweza kusema hawa ni watu wa giza, wamewaua wake zao wenyewe. Badala yake alikwenda Marekani, akasomea udaktari, akahitimu mwaka 1899, akarudi. Alianza na kitanda kimoja. Mwaka 1918 akafungua shule ya kufundisha wanawake udaktari, ili pasiwe na mlango wa India ambao mwanamke mgonjwa angekufa nyuma yake kwa kukosa mwanamke wa kumtibu. Ida alifariki mwaka 1960.

Hakusubiri watu wabadilike ndipo awapende. Alipita katika mlango ambao desturi yao ilikuwa imeuacha wazi. Na alipokwisha kuingia, maisha ya watu yakaanza kubadilika kutokea ndani.

Miaka karibu 200 kabla yake alifika mwingine, na Walutheri wa Makambako wangefaa kulijua jina lake kama wanavyojua majina ya wamisionari wa Berlin waliokuja Ubena. Bartholomäus Ziegenbalg, Mjerumani, alitumwa na mfalme wa Denmark na kufika Tranquebar, pwani ya Kitamil, mwaka 1706, akiwa bado kijana. Wazungu wa pale hawakujisumbua kujifunza lugha ya wenyeji. Yeye alikaa chini sakafuni pamoja na watoto wa shule, akiandika herufi za Kitamil kwa kidole kwenye mchanga. Mwaka 1715 Agano Jipya la Kitamil lilikuwa limekwisha kuchapishwa. Alifariki mwaka 1719, umri wake haujafika miaka 40.

Mtu mzima, msomi, aliyewekewa mikono, anakaa mchangani na watoto. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka nyayo zangu sebuleni kwa amma.

Begi mgongoni

Siku ya upasuaji mimi na dada yangu tulikaa kwenye benchi la korido tangu saa mbili asubuhi. Saa nne hivi tukamwona amma anakuja, sari yake ya kijani, chupa ya kahawa mkononi. Akaketi benchi moja nasi, akaacha nafasi kati yake na mimi kama ilivyo desturi yao. Hakuzungumza, maana hatukuwa na lugha ya pamoja. Alikaa mpaka saa kumi jioni, mpaka daktari alipotoka na kusema uvimbe umetoka wote, ingawa jicho lile halitaona tena.

Nililia. Amma naye alilia. Huyu ni yule mwanamke aliyefuta nyayo zangu kwa kitambaa.

Baada ya wiki mbili, mgonjwa alipopata nguvu na tukawa tunasubiri kipimo cha mwisho, mama mdogo akanifukuza. "Nenda ukatembee," akasema. "Unanihesabu pumzi kama mwenye duka. Nasikia kuna Wakristo wa Mtume Tomaso upande wa pili wa milima. Nenda ukawaone, uje unisimulie."

Nikachukua begi langu la mgongoni, nikapanda treni ya usiku stesheni ya Katpadi kwenda Ernakulam, jimbo la Kerala. Nililala kitanda cha juu, karibu na dari. Kabla ya kulala nilijifunza mambo matatu. La kwanza, begi la mgongoni ndani ya behewa linavaliwa mbele, la sivyo kila ukigeuka unampiga mtu. La pili, chupa ya maji ya kushirikiana haigusi mdomo: unainua uso na kumimina kutoka juu. Nililowa shati, na watoto wa familia tuliyokaa nayo wakacheka mpaka wakashika matumbo. La tatu, mtu anapotikisa kichwa kulia na kushoto hakatai. Anasema ndiyo, nimekusikia. Nilikuwa nimekaa Vellore wiki tatu nikidhani wahudumu wote wananikatalia.

Familia ile ilifungua chakula chao kilichofungwa kwenye majani ya mgomba, wakanigawia wali na mchuzi mchachu wa ukwaju. Nilikula kwa mkono wa kulia, kwa vidole. Hapo mtu wa ugali hahitaji kufundishwa. Baba wa familia alinitazama nikila, akatikisa kichwa kwa namna yao. Safari hii nilielewa.

Asubuhi niliona wanaume wamejifunga nguo nyeupe kiunoni, kama msuli wa watu wa pwani yetu, na nikaanza kusikia maneno kama ya nyumbani. Chapati ni chapati. Laki ni laki ile ile, mia moja elfu. Bajaji nilizopanda ni zile zile zinazopanga foleni stendi ya Makambako. Bahari ya Hindi imetutenganisha na watu hawa, lakini pia imebeba maneno kati yetu kwa karne nyingi.

Jumapili nikaenda kanisani. Wakristo wa Kerala wanashikilia mapokeo kwamba Mtume Tomaso, yule aliyetaka kuona alama za misumari, alifika pwani yao mwaka 52. Hata ukiacha mapokeo, historia inaonyesha kwamba Wakristo walikuwako huko karne nyingi kabla ya meli za Wareno kufika mwaka 1498. Sehemu ya ibada yao bado ni ya Kisiria, lugha iliyo ndugu wa ile aliyozungumza Bwana wetu.

Nilipofika mlangoni, begi mgongoni, nikawa naingia. Mzee mmoja akanigusa bega. Akaonyesha miguu yangu, kisha akaonyesha ukuta. Msomaji wangu, kando ya ukuta wa kanisa palikuwa na viatu vimepangwa. Vya wanaume, vya wanawake, vya watoto, ndala na viatu vya ngozi. Ndani, watu wa Yesu Kristo walikuwa wamesimama peku mbele za Bwana, wanaume upande mmoja, wanawake wamefunika vichwa upande mwingine.

Nilisimama pale mlangoni kwa muda. Kile nilichokiita cha kipagani nyumbani kwa amma, ndugu zangu katika Kristo walikuwa wakikifanya tangu kabla Injili haijafika Ubena. Na kwa nini nishangae? Musa aliambiwa avue viatu kwenye kijiti kinachowaka (Kutoka 3:5). Yoshua aliambiwa vivyo hivyo karibu na Yeriko (Yoshua 5:15). Nilikuwa nimezisoma habari hizo miaka yote bila kutazama miguu yangu.

Ilipofika wakati wa kupeana amani, haikuwa kushikana mikono kama kwetu. Kasisi aliitoa madhabahuni, na kila mtu akaipokea kutoka viganja vya jirani na kuipeleka kwa mwingine, mstari kwa mstari, mpaka ikamfikia mgeni wa mwisho aliyesimama nyuma na begi lake. Niliipokea, nikakosa wa kumpa. Mzee yule akanionyesha nijipake usoni, niibebe.

Mpaka uko wapi?

Sasa utaniuliza: je, kila desturi ni ya kufuata? Hapana. Nami sitaki umpeleke mwanao Bangalore akiamini kwamba kila kitu ni sawa.

Kusini mwa India kuna jambo moja ambalo Kanisa lililikubali kwa muda mrefu mno, nalo ni matabaka. Zamani, katika baadhi ya makanisa ya Kitamil, watu wa tabaka la juu walikaa sehemu yao na watu wa tabaka la chini sehemu yao, na wengine walikataa kushiriki kikombe kimoja. Baadhi ya wamisionari waliliacha liendelee, wakisema ni desturi tu ya nchi. Mwaka 1833 Askofu Daniel Wilson wa Calcutta aliandika kwamba matabaka yaondoke kabisa ndani ya Kanisa. Watu wengi walihama kwa hasira. Na mpaka leo vita hiyo haijaisha.

Petro naye alianguka hapo hapo. Kule Antiokia alijitenga na meza ya watu wa Mataifa kwa kuwaogopa watu wa kwao, na Paulo akamkemea mbele ya wote (Wagalatia 2:11-14). Ona basi: Paulo yule yule aliyesema amekuwa hali zote kwa watu wote (1 Wakorintho 9:20-22), alikataa katakata desturi iliyomfanya ndugu kuwa mtu wa daraja la pili.

Kwa hiyo mimi naipima desturi kwa maswali mawili. Je, inanitaka nimpe mwingine ibada iliyo ya Mungu peke yake? Je, inanitaka nimdharau au nimwumize mtu ambaye Kristo alimfia? Jibu likiwa ndiyo kwa swali lolote kati ya hayo, nakataa, kwa upole, mikono ikiwa imeunganishwa kifuani. Jibu likiwa hapana kwa yote mawili, navua viatu.

Na maswali hayo tusiyapeleke India peke yake. Hapa kwetu bado kuna ukoo unaogawana mjane kama unavyogawana shamba la marehemu. Hilo si jambo la kulilinda kwa sababu ni letu. Msafiri anayepima desturi za wengine kwa mizani, azipime na za kwao kwa mizani ile ile.

Na wageni wetu je?

Makambako ni mji wa wapita njia. Barabara ya Zambia inapita hapa, ya Songea inaanzia hapa, na treni ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inasimama hapa. Kila usiku kuna mtu anayelala mjini kwetu asiyejua Kibena, asiyejua kwamba "kamwene" ni salamu, na anayetetemeka kwa baridi yetu. Na dunia inazidi kusogea. Mwaka 2023 chuo maarufu cha teknolojia cha huko Chennai, IIT Madras, kilifungua kampasi Zanzibar, na ndiyo kampasi ya kwanza ya vyuo vya IIT nje ya India. Sasa walimu kutoka kusini mwa India wanaishi katika nchi yetu, na wao wanajiuliza wafanye nini mlangoni kwako.

Watakosea. Watatikisa kichwa nawe utadhani wamekataa. Hawatakula nyama yako nawe utadhani wanakudharau. Siku hiyo mkumbuke amma na kitambaa chake. Mungu aliwaambia Waisraeli wampende mgeni kama nafsi zao, kwa sababu nao walikuwa wageni Misri (Walawi 19:33-34).

Mama mwenye bahasha, jibu langu ni hili. Usimfungie mwanao chumbani. Mwambie avue viatu anapoambiwa avue. Mwambie ale kwa mkono wa kulia, ajifunze kusema "asante" kwa lugha ya mji ule kabla hajajifunza kulalamika, na atafute kanisa wiki ya kwanza, asisubiri ya pili. Mwambie ale alichowekewa, na akiambiwa hiki ni cha sanamu, ashukuru na kuomba kahawa. Mwambie akiona mtu anadharauliwa kwa sababu ya kuzaliwa kwake, akae karibu na huyo. Na mwambie kwamba wewe mama yake utakuwa unaomba, ili ajue kuna mlango mmoja ambao kwake haufungwi.

Mama mdogo yupo. Ana jicho moja, na Jumapili hukaa benchi la tatu upande wa dirisha. Tulipoondoka Vellore, amma alisimama mlangoni, akaunganisha viganja vyake. Mama mdogo naye akaunganisha vyake. Kisha akavitengua, akamkumbatia, kwa namna yetu sisi. Amma alishtuka kidogo, kwani si desturi yao. Halafu naye akamkumbatia.

Ee Bwana, uliyeacha utukufu wako ukaja kukaa nyumbani kwetu, ukala chakula chetu na kuosha miguu yetu, utufundishe kuingia nyumba za wengine kwa unyenyekevu bila kukuacha wewe nje. Uwalinde wana wetu walio mbali, na uwape nafasi mlangoni kwetu wageni unaowaleta. Amina.

Jumapili njema.